Baraka: Kijana wa Fizi anayetaka kusomea elimu maalum aende wapi?

Kila asubuhi mjini Baraka, barabara inajaa watoto wenye shati nyeupe na suruali ama sketi ya bluu. Wanaenda shule. Lakini kuna lupango ambamo mtoto mmoja anabaki. Si mgonjwa, wala wazazi wake hawakosi mapenzi. Mtoto huyo hasikii, ama haoni, ama anaelewa mambo polepole kuliko wenzake. Mama anaenda soko, baba anaenda ziwani ama shambani, naye anabaki na nyanya yake hadi jioni. Wazazi wengi walijaribu kumpeleka shule. Alikaa nyuma ya darasa mwaka mmoja au miwili, hakuandika kitu, kisha akarudi nyumbani.

Mwalimu pia si wa kulaumiwa peke yake. Inchini Kongo, mwalimu wa shule ya msingi anatayarishwa kwenye sekondari, katika humanités pédagogiques. Anafundishwa namna ya kuandaa somo na kushika darasa. Lakini kusoma breli, kuongea kwa lugha ya ishara, ama kumtambua mtoto mwenye ulemavu wa akili ni kazi inayohitaji masomo yake ya pekee. Masomo hayo yanaitwa elimu maalum. Na tangu masomo ya msingi yawe ya bure katika shule za serikali, Septemba 2019, madarasa yamejaa zaidi. Mwalimu mwenye umati wa watoto mbele yake atapata wapi dakika kumi za mtoto mmoja asiyesikia?

Sheria iko, walimu ndio wachache

Kwa upande wa sheria, Kongo haiko nyuma. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataja elimu maalum. Mwaka 2015 inchi iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinahusu masomo. Kisha tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Lakini sheria haifundishi mtoto kusoma. Anayefundisha ni mwalimu. Ndiyo maana swali la chuo kikuu linagusa hata familia ya mvuvi wa Mtambala ama mkulima wa Fizi-centre: kijana wetu akimaliza Exetat, akitaka kuwa mwalimu wa watoto hao, ataenda kusoma wapi?

Wanasoma nini?

Wengi wanafikiri elimu maalum ni huruma tu. Sivyo. Ni kazi ya ufundi kama uuguzi. Mwanafunzi anajifunza kumpima mtoto na kujua shida yake iko wapi: masikio, macho, akili, viungo ama kusema. Mara nyingi mtoto anayeitwa mjinga ni mtoto asiyeona ubao vizuri.

Anajifunza breli, maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa vidole. Anajifunza lugha ya ishara, ambayo si kuonyesha vidole ovyo, bali ni lugha kamili yenye kanuni zake. Anajifunza kumzoeza kipofu kutembea na fimbo, na kugawa somo moja katika hatua ndogo kwa mtoto anayeelewa polepole. Anajifunza pia kuongea na wazazi, hasa pale ambapo ulemavu unaitwa laana ama uchawi. Mwishoni anaenda stage, yaani kufanya kazi darasani chini ya mwalimu mwenye uzoefu.

Njia ya ndani ya inchi

Hapa kwetu, mlango unaojulikana zaidi ni psikopedagojia, yaani saikolojia na ualimu pamoja. Inapatikana katika vyuo vya ualimu vinavyoitwa ISP, kikiwemo ISP ya Bukavu. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha saikolojia na elimu, na Kinshasa kuna Université Pédagogique Nationale, UPN. Katika mfumo mpya wa LMD, licence inachukua miaka mitatu. Lakini psikopedagojia si elimu maalum kamili. Kabla ya kulipa minerval, kijana aulize: breli inafundishwa? Lugha ya ishara je? Stage inafanyika katika shule ya watoto wenye ulemavu?

Shida nyingine ni njia. Kwenda Kinshasa ama Kisangani ni tiketi ya ndege. Na tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, mzazi wa Baraka anafikiri mara mbili kabla ya kumtuma mtoto wake kusoma huko.

Ng'ambo ya ziwa

Kwa watu wa Fizi, Kigoma si ugeni. Tangu vita ya 1996, familia nyingi za hapa zilivuka Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu, na wengine wangali huko. Karibu na Kasulu, mkoani Kigoma, iko shule ya Kabanga, ambako watoto wenye ualbino na ulemavu mwingine wanasoma pamoja na wenzao. Anayetaka kujua kama kazi hii inamfaa anaweza kuanza kwa kuuliza ruhusa ya kuitembelea.

Upande wa vyuo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, OUT, kina shahada ya ualimu katika elimu maalum. Kinafundisha kwa mbali na kina kituo Kigoma, jambo linalomsaidia mtu asiyeweza kuacha kazi ama familia. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha fani hii. Patandi, karibu na Arusha, ni chuo cha walimu kinachojulikana kwa elimu maalum.

Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa taasisi ya taifa ya elimu maalum, UNISE. Kenya wanayo taasisi ya KISE tangu 1986, pamoja na idara ya elimu maalum katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo vyuo hivyo ni vya majirani.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni lugha. Vyuo hivyo vinafundisha kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa ajitayarishe miezi kadhaa mbele.

La pili ni diploma. Ile ya Exetat lazima ilinganishwe na ya huko: Tanzania ni kazi ya NECTA, Uganda ni UNEB. Na akirudi na shahada ya nje, ataomba ulinganisho kwa wizara ya masomo ya juu, Kinshasa. Asipoteze karatasi hata moja.

La tatu ni mshahara. Sote tunawajua walimu wa N.U., wanaofundisha miaka bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Mtu anaweza kurudi na shahada nzuri akakuta hakuna nafasi yake. Hapo viongozi wa elimu, makanisa yenye shule na wabunge wa Fizi wana kazi ya kufanya: kuomba nafasi ya mwalimu wa elimu maalum, hata mmoja kwa shule chache, na kumlipa. Kwa wakimbizi walioko Tanzania, Uganda ama Kenya, UNHCR ina bursari ya DAFI kwa masomo ya chuo kikuu.

Mmoja anaweza kuanzisha

Kuna mfano usiostahili kusahauliwa. Mmarekani Andrew Foster, mtu mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utoto, alimaliza chuo cha Gallaudet mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, kisha akaendelea inchi kwa inchi, mpaka Zaire ya wakati huo. Hakutegemea wageni peke yao: aliwatayarisha Waafrika, wakiwemo viziwi, wawe walimu. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege ilipoanguka Rwanda akiwa njiani kwenda Kenya. Shule alizoziacha ziliendelea kwa sababu walimu walikuwapo.

Fizi haihitaji walimu mia kesho asubuhi. Inahitaji wa kwanza, aliyesoma vizuri na aliyekubali kurudi. Mzazi ambaye mtoto wake anauliza mwaka huu asomee nini, asiseme haraka sheria ama uuguzi tu. Amwambie pia juu ya kazi hii. Katika lupango ya jirani, kuna mtoto anayeingojea.