Foleni ya malori Tunduma na hesabu zisizojali nani katangulia

FOLENI ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, si jambo geni kwa mkazi wa Tunduma, mkoani Songwe. Hebu msomaji achukue matatu tu kati ya hayo, aambiwe kuwa jumla ya uzito wake ni tani 150. Je, lipo lililozidi tani 56, kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016?

Jumla pekee haijibu. Huenda kila lori lina tani 50. Huenda pia ni tani 60, 50 na 40, na la kwanza limevunja sheria.

Jumla hiyo haibadiliki hata malori yakibadilishana nafasi katika mipangilio yote sita. Hesabu za namna hii wanahisabati huziita linganifu, nazo zina koo kadhaa. Ukoo wa kwanza hujumlisha uzito, kisha mazao ya kila jozi, kisha huchukua zao la yote matatu. Kwa 60, 50 na 40 hupatikana 150, 7,400 na 120,000. Ukoo wa pili hujumlisha vipeo: 150, kisha miraba 7,700, kisha vipeo vya tatu 405,000.

Koo hizo ni ndugu. Mraba wa 150, yaani 22,500, ni 7,700 ukiongeza 7,400 mara mbili. Albert Girard alichapisha udugu huo mwaka 1629, ingawa sifa nyingi huenda kwa Isaac Newton, jambo ambalo si haki sana.

Hata hivyo, jumla na miraba bado havitoshi. Malori mawili ya tani 55.8 na moja la tani 38.4 hutoa 150 na takriban 7,700 vilevile, wala hakuna lililovunja sheria! Kinachoamua ni namba ya tatu: zao lao ni karibu 119,600, si 120,000. Namba tatu zikijulikana barabara, uzito wote hufahamika. Kinachobaki siri ni upi wa lori lipi.

Kutoka mazao kwenda vipeo hakuhitaji kugawanya. Kurudi kunahitaji: kwa 2 kupata jozi, kwa 6 kupata zao la matatu. Ukoo mwingine, wenye jina la Issai Schur aliyeutumia mwaka 1901, huunganishwa na ule wa mazao kwa namba kamili tupu, zinazopatikana kwa kuhesabu njia za kujaza visanduku.