Kompyuta Ikisema Huna Shamba

Masika yakikaribia, kila mwenye shamba katika skimu hutazama simu yake. Kama umeandikishwa, ujumbe hukuambia waruhusiwa kununua magunia mangapi ya mbolea ya bei nafuu. Gunia la kilo 50 liliwekwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, kisha likashushwa kuwa shilingi 2,500 mwaka 2023. Mwaka huo wa 2023 wakulima waliandikwa majina, ekari na mazao yao kwa njia ya machifu na manaibu wao. Yafaa ujue kwamba hesabu ya magunia haifanywi na Bwana Shamba. Hufanywa na kompyuta, kwa kufuata ulivyoandikwa.

Mimi niliyesomea ualimu huifananisha na mtoto hodari wa hesabu aliyenukuu swali vibaya ubaoni. Atazidisha sawasawa, na jibu litakuwa kosa.

Tuseme wakaa hapa Bombolulu kwa wanao, na shamba lako la mahindi na minazi liko skimu, ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Karani akaandika mahali unapolala, ambapo siku hizi nyumba zimesongamana hata pa kupanda mchicha ni shida. Au ekari 5 zikaandikwa nusu ekari. Kompyuta haitapanda matatu kwenda kutazama. Utangoja ujumbe, mvua itanyesha, na mahindi yatageuka manjano yakiwa hayajafika magotini.

Basi usirudi nyumbani kimya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mtambo peke yake. Ziko nafasi chache zilizoachwa, kama pale sheria nyingine inaporuhusu na kuweka kinga ya kukulinda. Lakini ukiamuliwa hivyo, yapasa uarifiwe kwa maandishi, nawe waweza kuomba uamuzi utazamwe tena, au utolewe mwingine usiotegemea mtambo tu. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kudai habari zako zilizokosewa zisahihishwe.

Nasi makarani tuna sehemu yetu. "Kompyuta imekataa" si jibu la kumpa mtu mzima aliyetoka mbali. Nakiri nimewahi kulisema, siku foleni ilipofika barabarani.

Chukua kitambulisho, barua ya kugawiwa shamba na simu uliyoandikishia. Omba usomewe ulivyoandikwa, neno kwa neno. Kosa likionekana, andika barua, nakala moja ubaki nayo, imepigwa muhuri na tarehe. Usipojibiwa, malalamiko hupokewa na Kamishna wa Data. Barua hiyo ipeleke Februari, usingoje mawingu, kwa kuwa kifungu cha 35 hakikutaja idadi ya siku. Chasema ujibiwe katika muda unaofaa tu.