Miale ya Giza: Kisichoonekana Huhesabiwaje?

Vijana wetu hutuuliza mara nyingi: kitu kisichoonekana kwa jicho wala kwa darubini, mtu atakijuaje? Leo twapenda kuwajibu kwa jambo linalowashughulisha wataalamu wa elimu ya nyota, nalo ni miale ya giza.

Wataalamu wamekadiria kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba tangu mwanzo wake haukuacha kutanuka. Hapo mwanzo ulikuwa umesongamana, una joto kali, umejaa nuru na chembe nyepesi mno za namna tatu ziitwazo nyutrino. Wengine wanadhani palikuwapo pia chembe nzito zisizodumu, ambazo baada ya muda zilivunjika.

Tuchukue mfano wa wachuuzi wawili, mmoja wa tende na mwenziwe wa barafu. Tende hupungua kwa kugawanywa tu. Barafu hupungua kwa kugawanywa, na tena huyeyuka njiani. Chembe nzito ni kama tende, na nuru ni kama barafu. Ulimwengu ukitanuka mara mbili kila upande, wingi wa chembe nzito mahali pamoja hubaki sehemu moja ya 8. Lakini nguvu ya nuru hubaki moja ya 16, kwani kila mwale nao hunyooshwa ukadhoofika. Basi chembe nzito, hata zikiwa chache mwanzoni, fungu lao huzidi kukua. Siku zinapovunjika, fungu hilo hugeuka chembe nyepesi ziendazo mbio kama nuru. Ikiwa chembe hizo hazichanganyiki na nuru wala na maada, ndizo zinazoitwa miale ya giza.

Hazionekani, lakini hazikosi athari, kwa kuwa huharakisha kule kutanuka. Zikiwapo katika dakika chache za mwanzo, heliamu, ambayo ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, huzidi kidogo. Tena huacha alama katika ile nuru kongwe iliyotoka ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliigundua huko Marekani mwaka 1964.

Alama hiyo hupimwa kana kwamba twahesabu namna za nyutrino. Pasipo miale ya giza, hesabu yapasa kuwa 3.04. Mwaka 2010 vipimo vya chombo cha Marekani, WMAP, vilitoa karibu 4.3, na shaka ya karibu 0.9; wako waliofurahi wakidhani kitu kipya kimepatikana. Lakini mwaka 2018 vipimo vya chombo cha Ulaya, Planck, vilitoa 2.99, na shaka ya 0.17 tu. Nafasi ya miale ya giza ikawa nyembamba mno, ingawa haikufungwa kabisa.

Basi, vijana, lishikeni hili. Kisichoonekana hujulikana kwa athari yake, kama mpitaji ajulikanavyo kwa nyayo zake mchangani. Lakini dhana si hakika, na mwenye elimu haoni haya kuiacha dhana yake kipimo kilicho bora kinapoikataa.