Gari Hupanda Mlima Haraka Kuliko Mwili

Msomaji, ikiwa unaishi Magongo, nyumba yako haifiki mita 100 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya vijana wetu huchangishana pesa, wakakodi Land Cruiser na kwenda kuzuru Mlima Kenya. Asubuhi wako Nanyuki, ambako tayari ni zaidi ya mita 1,900. Kabla ya adhuhuri wamepita lango la Sirimon na kufika kambi ya Old Moses, mita 3,300. Hakuna aliyetokwa na jasho, na hapo ndipo penye hatari.

Apandaye kwa miguu huchoka, hupumzika, hulala njiani, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Gari halikupi nafasi hiyo. Kule juu hewa ina kiasi kile kile cha oksijeni, asilimia 21, lakini shinikizo lake limepungua. Kila pumzi hukupa takriban thuluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata hapa Changamwe. Kuzoea hali hiyo ni kazi ya siku kadhaa, si ya saa mbili.

Ugonjwa wa mwinuko aghalabu huanza juu ya mita 2,500: kichwa huuma, chakula hakitamaniki, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Usiuchanganye na kule kuchafukwa na roho kunakoletwa na gari kuyumbayumba, ambako hutulia gari likisimama. Huu huja baadaye, mara nyingi saa 6 hadi 12 baada ya kufika, na huzidi usiku. Ndiyo maana anayepanda asubuhi na kushuka alasiri kwa kawaida hunusurika. Anayeshawishika kulala huko siku hiyo hiyo ndiye hupatikana.

Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji, acha pombe, na usipande zaidi. Lakini mwenzenu akihema ilhali ameketi, akikohoa mfululizo, au akianza kusema ovyo, msingoje kuche. Mwambieni atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akipepesuka, ubongo umeanza kuvimba, na tembe za kutuliza maumivu hazitamwokoa. Mteremsheni mara moja. Gari lililowapandisha sasa ndilo dawa, mradi dereva mwenyewe hana dalili hizo. Naye ni binadamu, tena mara nyingi ndiye asiyeulizwa hali yake.

Kuna dawa ya kinga iitwayo asetazolamidi, inayoanzwa siku moja kabla ya kupanda. Usiinunue tu dukani. Mweleze daktari maradhi yako, hasa ikiwa dawa za salfa hukudhuru.

Sisi wa Pwani tuna jambo jingine. Selimundu imeenea katika sehemu zenye malaria, na familia nyingi hapa zinayo. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima huo. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima siku zote, na pengine hajui kama anayo. Lakini oksijeni ikipungua, mara chache damu huziba katika wengu. Maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, yatosha kuwateremsha nyote na kumpeleka hospitali. Kipimo chake ni cha damu, nacho kifanywe kabla ya kulipia gari.