Mama Asikae Pembeni ya Picha

Je, dada msomaji, katika picha za familia yenu wewe husimama wapi? Chukua albamu, au fungua simu yako, uzitazame picha za sikukuu na harusi za miaka ya karibuni. Nadhani jibu ninalijua. Baba wa nyumba ameketi katikati, wageni wako kando yake, watoto wamechuchumaa mbele. Mama yuko mwisho kabisa wa mstari, kanga bado iko kiunoni, kwa sababu aliitwa kutoka jikoni wakati mpiga picha amekwisha kuhesabu moja, mbili.

Enzi za kamera za filamu jambo hili halikuwa na madhara makubwa. Labda mama alikatwa bega, basi. Lakini siku hizi simu nyingi zina lenzi pana sana, ile inayoweza kuingiza ukoo mzima katika picha moja, na pembeni mwa lenzi hiyo ni mahali pabaya pa kumweka mtu yeyote. Mimi nilijifunza hivyo kwa uchungu.

Krismasi ya mwaka 2021 tulikuwa watu 31 nyumbani kwa mama mkwe wangu, Machame. Uwanja wake ni mdogo. Ukirudi nyuma hatua chache kutoka barazani, umeshaingia kwenye migomba. Nilikuwa na simu mpya, nikagusa alama ya 0.5 kwenye kioo, na mara watu wote wakaingia, na paa, na mbwa, na hata ndoo za maji. Nilifurahi sana. Mama mkwe akatoka jikoni akifuta mikono, akasimama mwisho wa mstari upande wa kulia. Nikamwambia, "Mama, njoo huku katikati." Akajibu, "Piga tu, mwanangu, chakula kitaungua." Nikapiga.

Mwezi wa Mei mwaka 2022 akafariki dunia. Usiku ule tulikaa kutafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Nilikuwa na hakika kwamba ninayo, tena ya karibuni. Nilipoikuza kwenye kioo nilishtuka. Kichwa chake kilikuwa kimevutwa upande kama papai, shavu moja pana kuliko jingine, bega limekimbilia ukingoni. Wale waliokaa katikati walikuwa wazuri kabisa. Baba watoto aliitazama, akanirudishia simu bila kusema neno. Tulizika tukiwa na picha ya kitambulisho, aliyopigwa akiwa amekaza uso mbele ya pazia. Waombolezaji walipita, wakainama, wakaitazama. Haikuwa sura ya yule mama tuliyemjua.

Tochi na ukuta

Baada ya msiba nilimlalamikia mtoto wa shemeji yangu, ambaye hupiga picha za harusi kwa kazi. Nilisema simu ni mbovu. Akatabasamu. "Mama mkubwa, simu haina kosa. Ulimweka bibi mahali ambapo lenzi pana humvuta kila mtu." Kisha akazima taa, akawasha tochi na kuielekeza ukutani moja kwa moja. Duara la mwanga likawa la mviringo kamili. Akaigeuza kidogo kidogo kuelekea pembeni, na lile duara likarefuka kama yai. Tochi ni ile ile, ila ukuta sasa unaupokea mwanga kwa mshazari.

Ndivyo ilivyo ndani ya kamera. Picha ni bapa kama ukuta, na mwanga unaotoka pembeni huifikia kwa mshazari. Lenzi inavyoona upana mkubwa zaidi, ndivyo mshazari huo unavyozidi. Kwenye kamera kubwa za kawaida, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya nyuzi 46 hivi, na ya milimita 28 huona nyuzi 75. Lenzi ndogo ya simu, ile ya 0.5, mara nyingi hufikia nyuzi 120 hivi. Si ajabu basi kwamba aliyesimama ukingoni anageuka papai.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua chungwa. Liweke katikati ya picha ya 0.5, kisha lisogeze mpaka ukingoni. Watoto wangu walicheka mchezo huu jioni nzima. Mimi sikucheka sana.

Lenzi hizi si za jana tu. Simu ya LG G5 ya mwaka 2016 ilikuwa nayo, na iPhone 11 ya mwaka 2019 iliipata pia. Siku hizi hata simu za bei ya kati zinayo. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha njia ya kuzinyoosha nyuso zilizovutwa pembeni, na zipo simu zinazojirekebisha zenyewe. Lakini usiitegemee simu kukuokoa. Kumwambia mtu asogee katikati hakuna gharama.

Kupiga picha ya ukoo

Basi kundi kubwa tulipigeje? Kwanza, kama nafasi ipo, usiiguse 0.5 kabisa. Tumia 1, urudi nyuma. Wengi hatujui kwamba hata hiyo 1 ya simu ni lenzi pana, inalingana na milimita 24 hadi 28 za kamera kubwa, na familia ya kawaida inaingia bila taabu.

Nafasi ikikosekana kweli, kama pale Machame, usiwapange watu mstari mmoja mrefu. Wapange safu mbili au tatu: wazee kwenye viti mbele katikati, watu wazima nyuma yao, na vijana warefu juu ya ngazi ya baraza. Kundi likibanana, pembeni hubaki migomba tu, na mgomba ukivutwa hakuna atakayelia. Baadaye unaweza kuzikata kingo hizo. Angalia pia wale wa mwisho wa safu wasisogee mbele kuelekea kwako, maana kwenye lenzi pana anayekaribia huwa mkubwa ghafla, na shemeji mwembamba atatoka na goti kubwa kama boga.

Shika simu wima, usawa wa kifua, wala usiiinamishe. Ukiiinamisha, kuta huegemeana na watu huonekana kama wanaanguka.

Na kabla hujahesabu moja, mbili, uliza: mama yuko wapi? Mtume mtoto jikoni akamshikie mwiko.

Mlima uliopotea

Wengi tunadhani lenzi pana ni ya kuingiza vitu vingi. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanza. Nendeni Moshi asubuhi wingu likiwa limefunguka, mumtazame mgeni anavyoupiga mlima picha. Anaona Kibo imejaa mbele yake, mita 5,895, moyo wake umejaa pia. Anagusa 0.5 ili asikose kitu. Akifika nyumbani anakuta anga tupu, barabara tupu, na katikati kitu cheupe kama punje ya mchele. Mlima umekwenda wapi?

Haukwenda popote. Lenzi pana hukifanya cha mbali kuwa kidogo na cha karibu kuwa kikubwa. Kwa mlima peke yake tumia 2 au zaidi kama simu yako inayo. Lakini kama unataka picha pana, weka kitu karibu, hatua moja au mbili tu kutoka kwako: kikapu cha ndizi, ua la kahawa, mtoto anayekula muwa. Hapo picha inapata mlango wa kuingilia, na mlima unakaa nyuma mahali pake.

Majengo marefu nayo yana adabu yake. Nilipotembelea Dar es Salaam nilisimama karibu na Kanisa la Azania Front, lile lililojengwa wakati wa Wajerumani, nikainua simu juu ili nipate mnara. Mnara ukatoka umelala chali. Niliambiwa baadaye: rudi mbali, hata uvuke barabara kwa uangalifu, shika simu wima, kisha ukate ile nusu ya chini yenye lami na magari.

Jikoni

Haya yote nimeyasema kama makatazo, na sitaki mwenzangu aichukie lenzi hii, kwa maana kuna mahali ambapo hakuna nyingine inayoishinda. Mahali hapo ni jikoni.

Jiko la mama ni dogo. Huwezi kurudi nyuma, utagonga ukuta. Ukitumia 1 utapata kichwa cha mtu na kipande cha sufuria. Lakini simama mlangoni na lenzi pana, mweke mama katikati, hatua moja au mbili tu mbele yako, na utampata yeye pamoja na kazi yake yote: mafiga, chungu, ungo, mtoto anayechungulia, mwanga unaoingia dirishani. Mikono yake ikiwa mbele kidogo itakuwa mikubwa kuliko kawaida. Iache. Hiyo ndiyo mikono iliyotulea.

Sogea karibu, lakini usiusogeze uso wenyewe. Ukimkaribia mtu mpaka kadiri ya shubiri mbili, pua hukua na masikio hukimbia nyuma, kama tunavyojiona tunapojipiga wenyewe kwa mkono ulionyooshwa. Kwa picha ya uso peke yake rudi nyuma ukatumie 2. Lenzi pana ni kwa mtu na mahali pake.

Mpige akiwa anafanya kazi, usimwambie asimame. Chuchumaa kama amechuchumaa, uwe usawa wa macho yake. Piga mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sababu kwenye simu nyingi lenzi ya 0.5 ni dhaifu kuliko ile ya 1 penye giza, na picha ya usiku hutoka na chembechembe kama mchanga. Futa kioo cha lenzi kwanza kwa kitambaa laini kisicho na mafuta. Nimewahi kumlaumu Mungu kwa ukungu, kumbe ni samli.

Tena chunguza pembe zote nne kabla ya kupiga. Lenzi hii haisamehi. Inaona kidole chako, ncha ya kandambili yako, kivuli chako jua likiwa mgongoni, na lile beseni la vyombo ulilodhani umelificha. Nina picha nzuri ya mwanangu wa mwisho akipiga hatua za kwanza, na chini yake kuna kidole gumba cha mguu wangu, kikubwa kuliko kichwa chake.

Sina picha ya mama mkwe jikoni. Nilikula mezani pake miaka 17, na siku zote nilimwita atoke nje ndipo nimpige. Hata siku moja sikufikiri kumfuata kule aliko.

Krismasi ya mwaka 2024 tulirudi Machame. Mara hii aliyekuwa jikoni ni wifi yangu mkubwa, akisonga mtori wa watu wengi. Niliingia mchana, nikapiga magoti mlangoni, nikashika simu wima na kumweka katikati. Moshi ulikuwa unapanda kupitia mwanga wa dirisha, na mwiko ulikuwa karibu nami kiasi cha kuugusa. Nilipiga picha kama 20, nikabakiza mbili. Moja nimeisafisha kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 12, nikaitia fremu, nikampelekea Pasaka iliyofuata.

Aliishika kwa mikono miwili, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia avue kile kilemba kikuukuu.