Bei ya hisa si bei ya kampuni: Jinsi ya kupima kampuni ya chipu

WAKULIMA wa majanichai wa Meru na Embu wanapopokea bonasi, baadhi hulipa karo, wengine hununua ng'ombe, na wachache huwekeza katika hisa. Siku hizi mkazi wa Nkubu au Runyenjes anaweza kutumia simu yake kununua hata hisa za kampuni za Marekani zinazounda chipu, vipande vya silikoni vinavyoendesha simu, magari na kompyuta.

Hatari ni kwamba wengi hutazama bei ya hisa moja pekee. Ikiwa chini, hudhani kampuni ni rahisi. Ikiwa juu, hudhani ni ghali. Bei hiyo haisemi kampuni nzima inagharimu kiasi gani.

Kipimo bora ni thamani ya biashara nzima. Zidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zote, ongeza mikopo ya kampuni, kisha ondoa fedha taslimu ilizonazo.

Chukulia shamba la miraa karibu na Maua linauzwa kwa Sh2 milioni, lakini mnunuzi atarithi mkopo wa Sh1 milioni na akaunti ya benki yenye Sh200,000. Gharama halisi ni Sh2.8 milioni. Anayejisifu kwamba amelipata kwa Sh2 milioni anajidanganya.

Mfano mwingine uko Mbeere, Kaunti ya Embu, ambako KenGen huzalisha umeme katika mabwawa ya Mto Tana, yakiwemo Kamburu na Gitaru. Serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni hiyo kwa umma mwaka 2006, hisa moja iligharimu Sh11.90.

Kufikia katikati ya 2023, hisa hiyo ilikuwa chini ya Sh3. Hisa zote, takriban bilioni 6.6, zilikuwa na thamani isiyofika Sh20 bilioni, ilhali mikopo ya kampuni ilizidi Sh100 bilioni. Aliyetazama bei ya hisa pekee aliona sehemu ndogo tu ya thamani ya biashara iliyojenga mitambo hiyo.

Katika biashara ya chipu, tofauti hii ni muhimu zaidi. Kiwanda kimoja cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola, na mashine zake huchakaa au kupitwa na wakati upesi. Aidha, soko hupanda na kushuka kwa kasi. Linaposhuka, bei ya hisa huporomoka, lakini deni hubaki palepale.

Mwishoni mwa 2024, hisa zote za Intel zilikuwa na thamani ya takriban Dola 87 bilioni. Kampuni ilikuwa na mikopo ya Dola 50 bilioni, na fedha pamoja na akiba za muda mfupi za Dola 22 bilioni. Thamani ya biashara nzima ilikuwa hivyo takriban Dola 115 bilioni.

Hata hapo hesabu haikuwa imekamilika. Mwaka huo Intel iliiuzia Apollo asilimia 49 ya umiliki katika mradi wa kiwanda chake cha Ireland kwa Dola 11 bilioni. Fungu la wabia wa aina hiyo nalo huongezwa, kwa kuwa mapato yao hayamfikii mwenye hisa.

Nvidia ilikuwa kinyume. Mwezi Januari 2025 ilikuwa na fedha na dhamana za Dola 43 bilioni, na mikopo isiyofika Dola 10 bilioni. Thamani ya biashara yake ilikuwa chini ya thamani ya hisa zake. Tofauti moja ni kwamba Nvidia husanifu chipu na kuwaachia wengine kazi ya kuzitengeneza, ilhali Intel hujenga viwanda vyake yenyewe.

Hata hivyo, fedha taslimu zisimlaghai mwekezaji. Huenda zimekwisha kutengwa kujengea kiwanda kipya. Pia, thamani ya biashara pekee haitoshi. Sharti ilinganishwe na faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, tena faida ya miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja wa neema.

Somo hili limekaribia nyumbani. Upande wa pili wa Mlima Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited. Hisa zake haziuzwi katika Soko la Hisa la Nairobi, lakini siku kampuni ya aina hiyo itakapoualika umma, swali la kwanza lisiwe hisa ni shilingi ngapi, bali kampuni inadaiwa kiasi gani.

Mwezi Agosti 2024 Intel ilitangaza kwamba ingesitisha mgao wa faida ili kuhifadhi fedha. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika kampuni, anayehisi makali ya malipo hayo kwanza ni mwenye hisa.