Wageni Wakishaondoka, Nani Anabaki na Mtoto?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, shule zikifungwa Marekani na Ulaya, vikundi vya vijana wa makanisa ya huko hushuka Nairobi na Kilimanjaro wakiwa wamevaa fulana za rangi moja. Nauli wamechangiwa na waumini wenzao. Hupaka rangi mabweni ya makao ya watoto, hufundisha nyimbo, hucheza mpira, kisha siku ya kuagana huwadia. Ibada hufanyika uani, zawadi hugawiwa, na basi linapotoka langoni wageni huwa wanalia. Watoto hupunga mikono. Waliokaa kituoni muda mrefu hawalii, maana wameshaaga vikundi vingi.

Machozi ya wageni ni ya kweli. Wengi wao wamekuja kwa kutii Waraka wa Yakobo, sura ya 1 mstari wa 27, unaofanya kuwajali yatima na wajane kuwa kipimo cha dini safi. Lakini Yakobo aliwataja wawili. Yatima amejengewa bweni, amechimbiwa kisima, anatembelewa na kupigwa picha. Mjane, ambaye mara nyingi ndiye mama wa mtoto huyohuyo, yuko kijijini na hakuna anayebisha hodi kwake.

Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kuwa duniani kote, angalau watoto wanne kati ya kila watano walio vituoni wana mzazi aliye hai. Kinachowapeleka huko aghalabu si kifo bali karo, njaa, ugonjwa, au nyanya aliyezeeka asiyeweza tena kulima. Mzazi husikia kwamba kituoni kuna shule na chakula cha kila siku, akamkabidhi mwanawe akiamini anamtendea mema. Kwa hiyo kuagana na mgeni si kwaheri ya kwanza kwa mtoto. Ya kwanza ilikuwa nyumbani.

Wageni husimulia kwa furaha jinsi mtoto wa miaka mitatu alivyowarukia mapajani siku ileile waliyofika. Mlezi mzoefu hafurahii sana. Mtoto mwenye mtu wake huanza kwa kujificha nyuma ya gauni la mama, achungulie, mpaka amzoee mgeni. Anayemkumbatia kila apitaye huenda hana aliye wake. Watafiti waliowafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, waliiona tabia hiyo. Nusu ya watoto walipelekwa kwa familia za malezi, na hao, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vyema zaidi kuliko wenzao waliobaki. Kila kikundi kinachokuja kupakata na kuondoka humwongezea mtoto watu wa kupoteza.

Kisha kuna fedha. Mfadhili huchangia kitanda chenye mtoto. Kitanda kitupu hakina mchango. Mwenye kituo mwaminifu hukosa sababu ya kuharakisha kumrudisha mtoto kwao, na asiye mwaminifu hutuma watu vijijini kutafuta watoto wa kujaza nafasi. Ndiyo maana azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto lilizitaka nchi kuzuia madhara ya kazi za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo zinazofungamana na utalii, kwa kuwa zinaweza kuzaa biashara ya watoto.

Wageni wenyewe wanatoka katika nchi ambako vituo vya aina hii ni nadra kuviona. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliitisha mkutano Washington, ukakubaliana kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto nyumbani kwao. Mwaka 1911 jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kuwalipa akina mama ili walee watoto wao wenyewe, na majimbo mengine yakafuata. Wengi walionufaika walikuwa wajane.

Huku kwetu njia hiyo imeshaanza kufuatwa. Rwanda ilizindua mwaka 2013 mpango wa Tubarerere mu Muryango, wa kuwarudisha watoto katika familia. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwa wazazi, jamaa na familia za malezi.

Hata hivyo watoto bado wako vituoni na wageni bado wanakuja, kwa hiyo kuagana kufanywe kwa adabu. Watoto waambiwe tarehe ya kuondoka tangu siku ya kwanza. Kulisha, kubembeleza na kulaza ni kazi ya mlezi anayebaki. Mgeni afanye kazi nyingine. Asiseme "nitarudi" kama hana hakika, kwa sababu mtoto atahesabu miezi. Zawadi zipitie kwa walezi, na picha za watoto zisisambazwe.

Wala tusiwacheke wazungu. Kila Desemba kwaya na jumuiya zetu hubeba unga, sukari na sabuni hadi kituoni, wakapiga picha, wakarudi makwao jioni. Mpango wa Inua Jamii wa Kenya hulipa kaya inayolea yatima shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Nauli ya mgeni mmoja kutoka Chicago, kwenda na kurudi, ingemlipa mjane kiasi hicho kwa miaka kadhaa. Basi kabla ya kukata tiketi au kukodi matatu, kanisa liulize: mama za watoto hawa wako wapi, na wanahitaji nini ili waishi na watoto wao? Kituo chenye jibu kisaidiwe kulitekeleza. Kisicho na jibu kinyimwe ziara, na mchango pia.